Kuni za Kilomita 42: Namna ya Kuulisha Mwili Kabla ya Marathoni, Njiani na Baadaye

Mara ya kwanza nilipokimbia marathoni kamili pale Moshi, nilizima kilomita ya 32. Sikuwa nimeumia popote, na pumzi ilikuwepo. Miguu tu ilikataa, kichwa kikawa kizito, nikaanza kusikia baridi chini ya jua la saa nne asubuhi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi mbele ya duka lake akanipa soda. "Kunywa kwanza, mwanangu, halafu ndiyo uendelee." Nikanywa nusu chupa, nikatembea, na baada ya muda mfupi miguu ikarudi, si yote, lakini ya kunifikisha mwisho.

Kwa muda mrefu niliamini nilishindwa kwa sababu sikuwa na moyo mgumu. Leo najua ilikuwa ni hesabu, na hesabu hiyo mtu anaweza kuifanya mezani wiki nzima kabla ya mbio. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mkimbiaji wa kawaida, yule anayefanya kazi mchana na kukimbia alfajiri, anayejiandaa kwa kilomita 21 au 42 kwa mara ya kwanza au ya pili.

Jambo moja la lugha kabla hatujaanza. Kiswahili kinaita petroli "mafuta", na kinaita mafuta ya mwilini hivyohivyo. Ili tusichanganyikiwe, chochote ambacho mwili unakiunguza nitakiita kuni. Neno mafuta nitaliacha kwa yale ya mwilini na ya chakula.

Hatua ya 1: Zijue kuni zako na mahali zilipo

Msuli hauli ugali. Msuli unapokea sarafu moja tu, nayo inaitwa ATP. Kila unaponyanyua mguu, ATP inavunjwa na nguvu inatoka. Tatizo ni kwamba ATP iliyomo kwenye msuli wakati wowote inatosha kama sekunde mbili za kukimbia kwa nguvu zote. Nyuma yake ipo akiba ndogo ya kreatini fosfeti inayoweza kuirudishia ATP nguvu papo hapo, lakini nayo inakwisha mapema: ukijumlisha zote mbili unapata kama sekunde kumi. Anayekimbia mita 100 anaishi kwa akiba hiyo kwa sehemu kubwa. Wewe wa kilomita 42 inakuvusha mstari wa kuanzia, basi. Baada ya hapo mwili lazima utengeneze ATP mpya kila sekunde, na kuni zake kuu ni mbili: wanga na mafuta. Protini inachangia kidogo sana, asilimia chache tu, ingawa mchango huo huongezeka kuni nyingine zikipungua.

Wanga unaoula hugeuka glukosi, ile sukari inayosafiri kwenye damu, na mwili huiweka akiba kwa umbo linaloitwa glikojeni. Mtu mzima aliyekula vizuri ana kama gramu 400 misulini na gramu 100 hivi kwenye ini. Gramu moja ya wanga hutoa kilokalori 4, kwa hiyo ghala lote likijaa lina takriban kilokalori 2,000. Damu yenyewe imebeba sukari kidogo mno, kama gramu 5. Ini ndilo linaloijaza damu hiyo dakika kwa dakika, na ukiwa umepumzika mteja wake mkubwa ni ubongo.

Sasa angalia mafuta. Mtu wa kilo 60 ambaye asilimia 15 ya uzito wake ni mafuta ana kilo 9 za mafuta mwilini. Hizo ni zaidi ya kilokalori 60,000, zaidi ya marathoni ishirini. Kwa nini basi mtu huyo azime kilomita ya 32 akiwa amebeba utajiri wote huo?

Kwa sababu mafuta ni kama shamba. Ni mali kweli, tena nyingi, lakini huwezi kuuza shamba kituoni ili ulipe nauli ya daladala. Mafuta lazima yatolewe kwenye hifadhi yake, yasafiri kwenye damu yakiwa yamebebwa na protini, yaingie kwenye seli ya msuli, kisha ndiyo yaunguzwe. Njia hiyo ni ndefu, ina foleni, na inadai oksijeni zaidi: lita moja ya oksijeni ikiunguza wanga inatoa kilokalori 5, ikiunguza mafuta inatoa 4.7. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini unapohema kwa nguvu kwenye mlima wa kuelekea Mweka, kule Moshi, kila lita ina thamani, na mwili unachagua kuni zinazowaka haraka.

Liko jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui, na lilinishangaza nilipolisoma. Glikojeni ya msuli ni ya msuli huohuo. Ini lina kimeng'enya cha kuiachia glukosi iingie kwenye damu, lakini msuli hauna. Ndiyo maana unaweza kumaliza akiba ya mapaja huku mikono yako bado imejaa, na mikono haiwezi kuikopesha miguu glukosi yake moja kwa moja.

Hatua ya 2: Piga hesabu yako mwenyewe

Chukua karatasi. Kukimbia kunagharimu takriban kilokalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa kila kilomita. Ukiwa na kilo 60, kila kilomita ni kilokalori 60, na marathoni nzima ni kama 2,530. Ghala la wanga lililojaa ni 2,000, na katika hizo, za mikononi na kifuani hazikusaidii sana. Tuseme zinazotumika ni 1,400.

Ukikimbia kwa kasi ambayo robo tatu ya kuni ni wanga, unachoma kilokalori 45 za wanga kila kilomita. Gawa 1,400 kwa 45. Unapata 31.

Nilipoifanya hesabu hii mara ya kwanza nilinyamaza kwa muda. Kilomita ya 31! Karibu pale pale nilipokatikia.

Sasa jaribu namna mbili za kuibadilisha. Ukipunguza kasi kidogo hadi wanga uwe asilimia 60, unachoma 36 kwa kilomita, na 1,400 inakufikisha karibu kilomita ya 39. Au baki na kasi yako, lakini ule njiani. Ukikimbia kilomita 10 kwa saa na kula gramu 45 za wanga kila saa, unaingiza kilokalori 180 kwa saa, yaani 18 kwa kilomita. Ghala linapoteza 27 badala ya 45, na kwenye karatasi unavuka kilomita 50. Mwili haufuati karatasi kwa unyoofu huo, kwa kuwa chakula cha njiani hulinda zaidi ini na sukari ya damu kuliko akiba ya mapaja, lakini mwelekeo ni huo.

Kwa kilomita 21 hesabu ni nyepesi: kilokalori 1,270 kwa mtu huyohuyo. Ghala likijaa, unamaliza bila kuzima.

Hatua ya 3: Jifunze kusikia kuni unazochoma

Huhitaji maabara. Kimbia na mwenzako, na muongee. Mkiweza kusimuliana habari nzima bila kukatakata, mafuta yanachangia sehemu kubwa. Mkiweza sentensi fupifupi tu, wanga umeshika usukani. Ukibaki na neno mojamoja, karibu kila kitu ni wanga, na sehemu yake inavunjwa haraka kiasi cha kuzalisha laktati nyingi, kile kinachobaki glukosi ikivunjwa haraka, ambacho wengi hukiita asidi.

Hapa niitetee laktati kidogo, maana kila kundi la mbio lina mtu anayesema "asidi imejaa miguuni" siku mbili baada ya mazoezi. Laktati huondoka kwenye damu ndani ya saa moja hivi baada ya kusimama. Maumivu ya siku ya pili yanatokana na michubuko midogo ya nyuzi za msuli, hasa ukikimbia mteremko. Tena laktati yenyewe ni kuni: moyo na misuli mingine huichukua na kuiunguza. Filbert Bayi alipovunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akiongoza tangu mwanzo, alikuwa na laktati tele mwilini, na bado sehemu kubwa ya nguvu yake ilitoka kwenye kuni zilizounguzwa kwa oksijeni.

Wanaokimbia ili kupungua uzito huniuliza kama waende polepole kwa sababu "polepole ndiyo huchoma mafuta". Ni kweli sehemu ya mafuta huwa kubwa ukienda polepole, lakini mwili hupunguza uzito kwa jumla ya ulichotumia ukilinganisha na ulichokula. Wakimbie kasi wanayoweza kuirudia kesho.

Hatua ya 4: Ufundishe mwili kutumia shamba

Mazoezi mengi ya wiki, kama manne kati ya matano, yawe ya kasi ya kuongea. Baada ya wiki kadhaa misuli huongeza mitokondria, yale majiko madogo ndani ya seli, na mishipa midogo ya damu huzidi kuwa mingi. Kasi ileile iliyokuwa ikila wanga mwezi wa kwanza, mwezi wa tatu inaendeshwa kwa mafuta zaidi. Mara moja kwa wiki fanya mbio ndefu, ukiongeza taratibu hadi saa mbili na nusu au tatu.

Wengine hukimbia alfajiri bila kula ili kuharakisha mabadiliko haya. Kwa mbio fupi na nyepesi haina shida. Usifanye hivyo kwa mbio ndefu wala za kasi. Wenzetu wanaofunga Ramadhani wanalijua hili kuliko yeyote: kimbia taratibu muda mfupi kabla ya futari, ili ukimaliza tende na maji viko karibu, au kimbia usiku baada ya kula. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari azungumze na daktari wake kabla ya kugusa lolote kati ya haya, kwa sababu mazoezi peke yake hushusha sukari.

Hatua ya 5: Siku tatu kabla, jaza ghala

Mwaka 1966 wanasayansi wawili wa Sweden, Jonas Bergström na Eric Hultman, walijifanyia jaribio wao wenyewe. Walipanda baiskeli moja ya mazoezi, mmoja upande huu na mwingine upande ule, kila mmoja akipiga pedeli kwa mguu mmoja hadi ukaishiwa kabisa. Kisha wakala wanga kwa wingi siku tatu na kuchukua vipande vidogo vya misuli ya miguu yote miwili kwa sindano. Mguu uliofanya kazi ulijaza glikojeni kupita kiasi cha kawaida. Uliopumzika haukubadilika sana. Wazo zima la kula wanga kabla ya marathoni limejengwa juu ya kazi ya aina hiyo: msuli uliofanya kazi, ukipewa wanga na mapumziko, hujaza ghala kuliko kawaida.

Kwa hiyo siku tatu za mwisho punguza sana kukimbia, na ule gramu 8 hadi 10 za wanga kwa kila kilo yako. Kwa kilo 60 ni gramu 480 hadi 600 kwa siku. Hicho si chakula kidogo. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama gramu 75 za wanga. Gramu 100 za wali uliopikwa zina 28. Ndizi mbivu moja ya wastani ina 25. Kijiko cha chai cha sukari kina 4. Wanasayansi waliopima chakula cha wakimbiaji wa Kikalenjini kambini Kenya walikuta robo tatu ya nguvu yao inatoka kwenye wanga, kama gramu 10 kwa kilo, na vyanzo vikubwa vilikuwa ugali na sukari ya chai. Hakuna unga wa kopo la bei kubwa hapo.

Kosa la kawaida ni kula sana usiku wa mwisho peke yake, sahani imejaa pilau na nyama ya mafuta. Tumbo linakesha na ghala halijai. Gawanya kwa siku tatu. Punguza mafuta na nyama ili wanga upate nafasi, na siku ya mwisho achana na maharage, makande na kisamvu kwa ajili ya amani ya tumbo. Mizani ikionyesha umeongezeka kilo moja usishtuke: kila gramu ya glikojeni huhifadhiwa pamoja na gramu 3 hivi za maji.

Hatua ya 6: Asubuhi yenyewe

Ukilala, misuli haitumii akiba yake, lakini ini linaulisha ubongo usiku kucha na linaamka likiwa limepungua sana. Kifungua kinywa ni kwa ajili ya ini. Kama mbio zinaanza saa 12:30 asubuhi, amka saa 9:30 usiku, kula vipande vinne vya mkate na asali, ndizi, na chai ya rangi yenye sukari. Kisha rudi ukajinyooshe kitandani. Epuka kitu kitamu sana kati ya dakika 60 na dakika 30 kabla ya kuanza: kwa baadhi ya watu insulini hupanda na sukari ya damu hushuka wakati bunduki inalia. Ukitaka tende mbili, zile dakika kumi kabla, ukiwa tayari mstarini.

Hatua ya 7: Njiani, kula kabla hujahitaji

Hii ndiyo hatua niliyoiruka mimi, na ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote. Mwaka 1924 madaktari wa Boston, akiwemo Samuel Levine, walipima damu ya wakimbiaji wa marathoni ya mji huo na kukuta baadhi yao wamefika na sukari ya chini sana, wamepauka na akili imetawanyika. Mwaka uliofuata wakawapa peremende njiani, na hali ikabadilika. Karne nzima imepita na bado tunajifunza somo lilelile barabarani.

Anza dakika ya 30, si unapohisi njaa. Lengo ni gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Utumbo una milango maalumu ya glukosi, na milango hiyo hupitisha kama gramu 60 kwa saa. Fruktosi, yaani sukari ya matunda, ina mlango wake tofauti, kwa hiyo mchanganyiko wa zote mbili unaweza kufika 90 kwa aliyezoea. Sukari ya kawaida ya mezani na asali vina vyote viwili tayari.

Kinywaji ninachotengeneza nyumbani: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 15 vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chumvi, na juisi ya ndimu au chungwa kwa ladha. Kina gramu 60 za wanga. Nusu lita kwa saa ni gramu 30. Ongeza ndizi moja na umefika 55. Tende nne ndogo zinakaribia ndizi moja. Soda ya kola ina gramu 10 au 11 katika kila mililita 100. Ifungue usiku uliotangulia ili gesi itoke. Pakiti za jeli ni nzuri na nyepesi kubeba, nyingi zina gramu 20 hadi 25, ila ziteremshe kwa maji matupu.

Chochote utakachochagua, kijaribu kwenye mbio ndefu za mazoezi angalau mara nne. Utumbo unafundishika kama misuli. Usipokee mstarini kitu ambacho tumbo lako halijawahi kukiona, hata kikitolewa bure.

Maji kunywa kwa kiu, kidogokidogo. Anayekunywa lita nyingi kwa woga huku akikimbia polepole anaweza kushusha chumvi ya damu hadi hatari ya kifo. Dalili ni kichefuchefu, kichwa kuuma, vidole kuvimba na kuchanganyikiwa. Ukimaliza mbio na uzito umezidi ule wa asubuhi, ulikunywa kupita kiasi.

Na kama tumbo limekataa kabisa? Sukutua mdomo kwa kinywaji kitamu sekunde kadhaa kisha uteme. Majaribio yameonyesha kwamba ubongo ukionja wanga mdomoni huachia nguvu kidogo hata kabla ya chochote kumezwa. Nadhani ndiyo sababu soda ya yule mzee ilinigusa haraka vile.

Usisahau mwisho wa safari. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda uleule wa 2:09:48, na Simbu akawa bingwa wa dunia kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kasi ile ya mita za mwisho haiwezi kutoka kwenye mafuta. Ni wanga uliobakizwa.

Hatua ya 8: Baada ya utepe

Saa chache za kwanza misuli inanyonya sukari kuliko wakati mwingine wowote. Ukiwa na kilo 60, kula gramu 60 za wanga kila saa kwa saa tatu au nne, kama kesho una kazi nyingine ya miguu. Kama huna haraka, milo ya kawaida itajaza ghala ndani ya siku chache. Ongeza gramu 20 hivi za protini: mayai matatu, au glasi mbili za maziwa na kiganja cha karanga. Mimi siku hiyo hula mtori na chapati mbili, halafu chai yenye sukari nyingi kuliko ninavyoruhusiwa nyumbani siku nyingine, na bia naiacha hadi nimekojoa mkojo mweupe.